Nina milioni 9 za kadi ya grafiki. Nichukue 5090?

*Shikamoo kaka. Niko Mbezi Beach, Dar. Mchana naediti video za harusi, usiku narenda (yaani kompyuta inachora kutoka modeli ya 3D) picha za ndani ya majengo kwa wasanifu wawili, kwa programu ya Blender. Kompyuta yangu ni Ryzen 5 3600, RAM 16GB, RTX 3060 Ti ya 8GB, pawasaplai ya wati 650, monita ya 1440p. Video za Sony A7 IV zinakwama kwenye programu ya kuediti ya Resolve hata nikikata vipande tu. Juzi faili la lobi ya hoteli liligoma kabisa, likasema kumbukumbu imeisha. Na magemu natamani kuyacheza kwa 4K. Nimejikusanyia milioni 9. Duka moja wameniambia RTX 5090 ni milioni 8 na laki 9. Rafiki yangu anakwenda Dubai, anasema ataniletea 4090 iliyotumika kwa milioni 5. Nifuate lipi? Na hii ya zamani niiuze sasa hivi niongezee?*

Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, halafu nikuambie nimefikaje: usinunue hata moja kati ya hizo mbili. Chukua RTX 5070 Ti mpya, na fedha itakayobaki irekebishe kompyuta utakayoichomekea. Najua umevunjika moyo kidogo. Mtu aliyejinyima mpaka akafikisha milioni 9 anataka aambiwe akamchukue yule mnyama mwenyewe. Lakini umeniletea malalamiko matatu, kila moja lina ugonjwa wake, na 5090 ni dozi moja kubwa unayotaka kuimeza kwa yote matatu bila kupimwa.

Tuanze na video, maana ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. A7 IV yako, kama umeiweka kama wapiga picha wengi wa harusi wanavyoiweka, inarekodi 10-bit 4:2:2, yaani inahifadhi rangi kwa undani zaidi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Ndani ya kadi ya grafiki, mbali na ile sehemu inayochora magemu, kuna kipande kidogo chenye kazi moja tu: kufungua video. Kwa NVIDIA, kampuni yenye chipu za kadi hizi za RTX, kinaitwa NVDEC. Kile cha 3060 Ti kinafungua 4:2:0 kwa raha, lakini 4:2:2 hakiijui. Kazi yote inamwangukia Ryzen wako mwenye koa sita. Fanya jaribio leo usiku: fungua Task Manager, cheza kipande kinachokwama, tazama grafu. Utaona prosesa inahema na kadi imetulia kana kwamba haihusiki. Na kweli haihusiki.

Sasa sikiliza vizuri: 4090 nayo haifungui 4:2:2. Ni kadi ya Oktoba 2022, ilizinduliwa kwa dola 1,599, ina kumbukumbu ya 24GB, na kwa nguvu bado inaheshimika. Ila kipande chake cha kufungua video ni cha kizazi kisichojua lugha hiyo. NVIDIA waliiongeza kwenye familia ya 50, iliyotoka mwanzoni mwa 2025, kwa aina za kubana video za H.264 na HEVC zote mbili. Ungempa rafiki yako milioni 5, na harusi ya Jumamosi ingekwama palepale ilipokuwa inakwama. Video zingefunguka vilevile kwenye 5070 Ti na kwenye 5090. Tofauti ni kwamba 5070 Ti ina kifungua video kimoja na 5090 ina viwili. Kwa anayeediti kamera moja au mbili, hicho kimoja kinatosha. Tenga na dola 295 za Resolve Studio kama bado unatumia ile ya bure, maana Studio ndiyo inayotumia vipande hivi ipasavyo. Unalipa mara moja, basi.

Lobi ya hoteli ni ugonjwa mwingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Uliniambia kwenye ujumbe wa pili kwamba faili lina tekscha 46 (zile picha za kuvalisha vitu vya 3D), zote za 8K, ulizishusha bure mtandaoni. Chukua kalamu. Picha ya 8K ya mraba ina pikseli 8,192 kwa 8,192. Kila pikseli, ikishafunguliwa ndani ya kadi, inakula baiti nne. Hiyo ni MB 256 kwa tekscha moja. Haijalishi kwamba faili la JPG lenyewe lilikuwa MB 20 kwenye diski. Kadi haichori JPG iliyofungwa. Zidisha kwa 46, unapata MB 11,776, yaani GB 11 na nusu, kabla hujaweka hata kiti kimoja. Tekscha za kijivu zinakula robo ya hapo, kwa hiyo hesabu halisi itashuka kiasi, lakini umeelewa. Kadi yako ina 8GB. Ingeponea wapi?

Sasa fungua ile picha ya mwisho uliyompa msanifu, tafuta sofa la kona ya kushoto. Kwenye picha lina upana wa pikseli kama mia tatu. Kitambaa chake umekivalisha tekscha ya pikseli 8,192. Ukikishusha mpaka 2K, kinakula MB 16 badala ya 256, na msanifu hataona tofauti hata akikodolea macho. Acha 8K kwa vitu sita vilivyo mbele ya kamera, tuseme sakafu ya marumaru na kaunta ya mapokezi na vinginevyo, arobaini vilivyobaki viwe 2K: sita mara 256 na arobaini mara 16 ni GB 2 na kidogo. Huhitaji kuzipunguza moja moja kwa mkono. Kwenye mipangilio ya kurenda ya Blender kuna sehemu ya Simplify, ndani yake unaweka kikomo cha ukubwa wa tekscha kwa faili zima. Jaribu hilo kabla hujatoa hata shilingi. Lobi inaweza kurenda usiku huuhuu kwenye kadi uliyonayo.

Ninachotaka ukione ni hiki: kwenye kazi za 3D, kumbukumbu ya kadi ni ukuta, kasi ni saa. Kadi polepole itakumalizia picha, utangoja tu. Kadi iliyojaa inaweza isikumalizie kabisa. Blender itajaribu kuazima RAM ya kompyuta, nawe una RAM ya 16GB ambayo tayari imebeba Windows, Chrome na faili lenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza ni faili lako kubwa kuliko yote linakula GB ngapi baada ya kulisafisha. Blender inaandika kiasi cha kumbukumbu pale juu wakati wa kurenda. Soma namba hiyo kwa mwezi mzima, andika kwenye daftari. Ikiwa haivuki 12 au 13, basi 16GB ya 5070 Ti inakutosha na nafasi ya kupumua ipo. Ikivuka 16 hata baada ya kusafisha, nirudie, tutazungumza habari nyingine.

Kasi nayo tuiangalie kwa haki. Kwenye Cycles, injini ya kurenda ya Blender, 5090 ina kasi kama mara mbili ya 5070 Ti. Wewe unatoa picha kama sita kwa usiku. Ikiwa moja inachukua dakika kumi kwenye 5070 Ti, zote sita ni saa moja; 5090 ingemaliza kwa nusu saa. Wewe umelala. Msanifu naye amelala. Lakini siku ukipata mkataba wa video ya kutembeza watu ndani ya jengo, sekunde 30 kwa fremu 30 kila sekunde, hizo ni fremu 900. Kwa dakika mbili kila fremu ni masaa 30 dhidi ya 15, na mteja akisema "badilisha rangi ya pazia" unaanza upya. Hapo 5090 inajilipa, nami nitakuwa wa kwanza kukusindikiza dukani. Mkataba uje kwanza. Kwa bei walizotangaza NVIDIA wakati wa kuzindua, 5090 ilikuwa dola 1,999 na 5070 Ti dola 749: fedha ya moja inanunua 5070 Ti mbili na chenji ya dola 501. Na madukani 5090 haikukaa kwenye hiyo 1,999. Watu wa akili mnemba wanaigombania kwa ajili ya ile 32GB yake.

Mtu atakuambia basi nunua 5070 Ti mbili. Usimsikilize. Kumbukumbu za kadi hizi hazijumlishwi. 16 na 16 zinabaki 16 kwa kila faili.

Magemu ni mafupi. Monita yako ni 1440p. Kadi yoyote utakayoweka, macho yako yataona 1440p. Kwa 5070 Ti utacheza karibu kila kitu hapo kwa mipangilio ya juu, na ukipata monita ya 4K baadaye, DLSS, ile mbinu ya NVIDIA ya kuchora picha ndogo na kuikuza, itakubeba. Hata 5090 ukiiwashia ufuatiliaji kamili wa miale ya mwanga (path tracing) kwenye gemu la Cyberpunk 2077 kwa 4K halisi bila DLSS, haifiki fremu 60. Zile fremu ambazo kadi inazibuni kati ya fremu halisi, zinazotangazwa sana, zinafanya picha ionekane laini, lakini kidole chako kwenye kipanya hakizihisi. Ni nzuri, sizitukani, ila usilipie milioni kwa ajili yake.

Sasa umeme, ambao hukuuliza kabisa, na ndio uliofanya nikukataze 5090 hata kabla sijafika kwenye Blender.

5090 inakula wati 575 peke yake. NVIDIA wanapendekeza pawasaplai ya wati 1,000. Wewe una 650. Ukishalipa milioni 8 na laki 9 unabaki na laki moja, na laki moja haikununulii pawasaplai ya wati 1,000 ya kuaminika mahali popote ninapopajua. Ungekaa na kadi ya karibu milioni 9 kwenye boksi, unaitazama. Au, na hili ndilo ninaloliogopa, fundi fulani angekuchomekea na pawasaplai ya bei poa yenye maandishi 1000W pembeni na uzito wa mkate wa boflo.

5070 Ti inakula wati 300, na hata hiyo NVIDIA wanaitakia pawasaplai ya 750. Nunua ya 850 ya kampuni inayojulikana, iliyoandikwa ATX 3.1. Kiwango hicho kina maana: kadi za siku hizi zinavuta umeme kwa mshtuko wa ghafla, sehemu ndogo sana ya sekunde, kupita mno wati zilizoandikwa kwenye boksi. Pawasaplai za zamani zinadhani ni shoti na kuzima. Mtu anabaki kulaumu kadi.

Plagi nayo. Kadi hizi zinatumia plagi moja yenye pini 16, inaitwa 12V-2x6. Kubwa 12 zinapitisha umeme, nne ndogo zinawasiliana tu. Kwenye 5090, wati 575 kwa volti 12 ni ampea 48 hivi, zikigawanywa kwenye nyaya sita ni ampea 8 kwa kila waya, na pini moja imekadiriwa kwa 9.5. Nafasi ya kukosea ni ndogo. Waya mmoja ukigusa vibaya, wenzake wanabeba mzigo wake. Mwishoni mwa 2022 watu walianza kuonyesha plagi za 4090 zilizoyeyuka, na NVIDIA wakasema tatizo la kawaida lilikuwa plagi kutoingia mpaka mwisho. Toleo la sasa lina pini ndogo fupi zaidi ili plagi isiyoingia vizuri isipitishe umeme.

Nimewahi kufungua kompyuta ya mteja mmoja iliyokuwa inazima katikati ya gemu. Plagi ilikuwa imekaa upande: kulia imeingia, kushoto kuna pengo la unene wa laini ya simu. Alikuwa ameukunja waya kwa nguvu ili kioo cha kasha kifunge. Nilipoichomoa, plastiki ya pini mbili za mwisho ilikuwa imegeuka kahawia kama ukoko wa wali, na ilinuka. Kadi ilipona, waya nikautupa. Kwa hiyo wewe ukichomeka, sukuma mpaka usikie "tak", chungulia kwa tochi ya simu kutoka pande mbili, na waya utoke ulionyooka sentimita tatu nne kabla haujakunjwa. Pima na kasha lako kabla ya kununua. Baadhi ya 5070 Ti zina feni tatu na urefu unaopita sentimita 30.

Kuna UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Zile za 650VA zinazouzwa kila duka kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400. Kompyuta yako mpya ikirenda itavuta kama 450 hadi 500. Umeme ukikatika, UPS italia mara moja na kuzima kila kitu, ikiwemo renda ya saa nne. Tafuta ya 1500VA, na uulize kama inatoa wimbi la sine safi. Zile za wimbi la ngazi huwa hazipatani na baadhi ya pawasaplai nzuri, zinazima pale pale UPS inapoingia kazini. Kwa 5090 ungehitaji UPS ya bei ya kukufanya ukae chini kwanza.

Bili ya luku, kwa haki, si hoja. Kadi inayokula mara mbili lakini inamaliza kazi kwa nusu ya muda inakuacha karibu palepale kwa uniti. Joto ndilo hoja. Wati 575 ni zaidi ya nusu ya pasi ya wati 1,000, imewashwa chumbani kwako usiku kucha, Dar, Februari. Na kwa kuwa uko Mbezi Beach: usiiweke kompyuta kwenye njia ya upepo wa dirisha la baharini. Chumvi inakula viunganishi taratibu, na vumbi lenye unyevu linaganda kwenye mapezi ya kadi kama sponji. Ipulize kila mwezi, ukishika feni zisizunguke.

Kuhusu 4090 ya Dubai, simshuku rafiki yako, nashuku soko. Tangu Marekani ibane uuzaji wa chipu hizi kwenda China mwaka 2023, 4090 nyingi zimefunguliwa, chipu na kumbukumbu zikang'olewa zikapandikizwa kwenye kadi za seva, na lile gamba lenye feni likarudishwa sokoni. Kwa nje ni kadi nzima, boksi lipo, hata uzito upo. Ni mbuzi kwenye gunia, na wakati mwingine gunia halina mbuzi. Akiipata, asilipe mpaka aione imewaka kwenye kompyuta hapohapo dukani. Aendeshe programu ya GPU-Z asome kumbukumbu ni 24GB. Programu hiyo hiyo inagundua kadi nyingi zilizobandikwa jina lisilo lake. Halafu aipige mzigo dakika ishirini, si mbili, huku programu nyingine, HWiNFO, ikionyesha joto la kumbukumbu. Muuzaji akisema hana muda wa dakika ishirini, ameshajibu.

Na kwa wanaokwenda Guangzhou, msome jina lote kwenye boksi. Kuna 5090 D v2 iliyotengenezwa kwa soko la China, nayo ina 24GB badala ya 32. Herufi mbili na namba moja, GB nane zimekwenda. Hata 5090 nzima ikifika, soma ROP (vipande vya chipu vinavyomalizia kuchora picha) kwenye GPU-Z: ziwe 176. Zile za mwanzo chache zilitoka kiwandani na pungufu, NVIDIA wenyewe walikiri, na ni haki yako kubadilishiwa kama una waranti inayofika hapa. Hapa namaanisha hapa, Dar. Waranti ya Dubai inakutaka uirudishe Dubai. Ndiyo maana duka la mjini lenye risiti ya EFD linaweza kuwa nafuu hata baada ya VAT ya asilimia 18.

Ungeniuliza AMD, ningesema RX 9070 XT ni kadi nzuri ya magemu, dola 599 ilipotoka Machi 2025, 16GB. Kwa Blender na programu nyingi za kurenda, NVIDIA bado wako mbele kwa sababu programu hizo zilijengwa juu ya CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi, uliotoka 2007. Ungekuwa mchezaji tu, ningekupeleka huko bila kusita.

Kwa hiyo nenda na mpango huu. Kadi ni 5070 Ti. Pawasaplai 850 ya ATX 3.1. RAM, panda mpaka 64GB kama utaipata. Bei zake zimepanda tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu ya seva za akili mnemba, hivyo ikikushinda, 32 ni ya kuanzia. Mazabodi yako huenda inakubali Ryzen 7 5700X bila kubadilisha kingine chochote isipokuwa BIOS, nitumie jina lake kamili nikuangalizie. UPS ya sine safi. Monita iwe ya mwisho, fedha ikibaki.

Ile 3060 Ti usiiuze sasa, hata mtu akikufuata na hela mkononi. Ifunge kwenye mfuko wake, iweke kabatini mwezi mzima mpaka ile mpya imalize harusi tatu nne na lobi nyingine mbili. Kadi zenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha ndani ya wiki hizo, na ikigoma Ijumaa usiku, bibi harusi wa Jumamosi hatasubiri waranti.